Prosesa ya bei nafuu kwa seva ya tovuti

Nimehamishia tovuti zangu kwenye kompyuta ndogo yenye Intel N100, na nimeridhika kabisa. Ni prosesa ya mwaka 2023, ina kori 4 (sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa), na TDP yake, yaani kipimo cha joto na umeme ikiwa kazini, ni wati 6 tu. Wengi hushauri Xeon E5-2670, prosesa ya Intel ya seva, ya mtumba kwa sababu ina kori 8 na inauzwa kwa bei ya kutupa. Lakini ile ni ya 2012, TDP yake wati 115! Seva haizimwi usiku, jamani. Unachookoa siku ya kununua unakuja kukilipa kwenye umeme.

Halafu wingi wa kori hauharakishi ukurasa mmoja. Ombi la PHP, lugha inayotengeneza kurasa za WordPress, kwa kawaida hushughulikiwa na kori moja mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anayesubiri ukurasa wa WordPress ufunguke anategemea kasi ya kori hiyo. Kori nyingi husaidia wageni wakija kwa mkupuo. Kurasa zisizobadilika hazina shida, Nginx (programu ya seva ya tovuti) inazitoa bila prosesa kutokwa jasho.

Kabla ya kulipa huwa naandika lscpu, amri inayoonyesha sifa za prosesa, kwenye Linux na kutafuta "aes" kwenye mstari wa Flags. Likikosekana, usimbaji wa AES (njia ya kuficha data) kwenye HTTPS unazidi kuwa mzigo. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 haina, Raspberry Pi 5 inayo.

Kasoro ya N100 ni kwamba njia ya kupitisha data kati ya prosesa na RAM (kumbukumbu) ni moja tu. Kwa hifadhidata nzito ningechukua Ryzen, prosesa ya AMD.