Konokono wala nyama, wiki ya 9: kumbe nilikuwa napima maji

Leo nimepiga mstari juu ya safu nzima ya uzito wa wiki tano za kwanza. Inauma, lakini namba zenyewe zilikuwa uongo.

Kwa aliyeanza kusoma leo: nina konokono 40 wa baharini, Babylonia areolata, wale wa madoa ya kahawia wanaofugwa kwa ajili ya kuliwa huko Thailand, China na Vietnam. Nimewagawa kwenye matangi mawili yenye mchanga, kila mmoja ana namba iliyoandikwa kwa rangi ya kucha juu ya gamba. Tangi A wanakula kila siku, B wanakula siku moja na kuruka inayofuata.

Sasa, konokono ukimtoa majini hujikunja ndani, anafunga kifuniko na kubaki na maji yake. Namba 17 nilimpima mara tatu mfululizo: gramu 2.4, 2.2, 2.0. Hakukonda, alikuwa anavuja! Siku hizi nawalaza kwenye kitambaa, mdomo wa gamba chini, dakika kumi, ndipo waende kwenye mizani. Urefu wa gamba, ninaoupima kwa kalipa (rula yenye taya za kubana), ndio umeniokoa, maana gamba halidanganyi, labda ukingo wake uwe umemeguka.

Kuwatazama wakila ndiko kunakonifanya nisikate tamaa. Ukichungulia tangi unaona mchanga mtupu na vijirija vichache vya kuvutia maji vimechomoza. Nadondosha kipande cha samaki. Kimya. Halafu kijirija kimoja kinaanza kuyumba kushoto na kulia, kinanusa, mchanga unafumuka, na mwenyewe anatoka mbio (mbio za konokono, lakini mbio). Anatoa mkonga mrefu ambao sijui huwa anauficha wapi, anauchomeka kwenye nyama, na ulimi wenye meno unakwangua huko ndani. Akishiba anaacha kilichobaki na kujizika tena. Hawa si watoboaji kama ndugu zao wa Muricidae, familia nyingine ya konokono wa baharini, wanaotoboa gamba la chaza kwa tindikali na meno. Wangu wanapenda kilichokwisha kufa.

Nilijifunza hilo vibaya wiki ya 6. Niliacha mabaki kwenye tangi A usiku kucha, amonia, sumu inayotokana na uozo, ikapanda, wawili wakafa, na asubuhi nikakuta wenzao wamewazunguka wanakula. Sasa mabaki yanatoka saa moja baada ya chakula.

Urefu tangu mwanzo: A wameongezeka wastani wa milimita 5.1, B 4.3. Pengo ni dogo kuliko nilivyotegemea, ukizingatia B wanapata nusu ya milo. Wakila baada ya kuruka siku wanakula zaidi, ila si mara mbili.

Kinachonisumbua ni B kutofautiana. Wakubwa hufika kwanza na kukizingira kipande, na namba 31 na 38 wakifika wanakuta nyuzi tu. Hao wawili hawajafikisha hata milimita 2. Kuanzia kesho kila tangi linapata vipande vinne, kimoja kila kona.

Leo ni zamu ya B kufunga. Nimepita hapo na mkono mtupu, vijirija sita tayari viko juu.