Ukungu mweupe kwenye kioo cha fedha: jinsi nilivyouondoa

Kioo cha kale nilichokuwa nakipaka fedha upya kilitoka na ukungu kama maziwa. Chanzo kilikuwa maji ya bomba: kloridi zilizomo hukutana na naitreti ya fedha (chumvi inayotoa fedha ya kupaka kioo) na kuzaa kloridi ya fedha, unga mweupe usioakisi chochote. Nikahamia maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi), tangu kuosha hadi kuchanganya. Nilisugua kioo kwa chaki laini, nikakipitisha kloridi ya bati ili fedha ishike, nikasuuza vizuri, ndipo nikamwaga naitreti ya fedha iliyochanganywa na amonia, pamoja na glukosi, sukari inayoigeuza kuwa fedha halisi. Ikatanda safi, ukingo hadi ukingo! Hakuna rangi ya kupuliza inayofikia mng'ao huo.

Tafadhali, mabaki ya mchanganyiko usiyahifadhi: yakikaa yanaweza kulipuka. Yatie asidi hafifu ya hidrokloriki mara tu umalizapo.