Newala itanisubiri

Mtwara, Jumapili jioni

Jicho la kulia bado lina gesi ndani, kwa hiyo naandika kwa la kushoto, na maandishi ya simu nimeyakuza mpaka maneno matatu yanajaza mstari. Mmenipigia wengi na sikuweza kumjibu kila mmoja. Naomba mnipokee hapa.

Retina ilibanduka. Ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ndio unaopokea mwanga. Sisi tunaovaa miwani mizito ya kuona mbali tangu utotoni macho yetu ni marefu kuliko kawaida, na utando huo ukivutika huwa mwepesi kuchanika. Kwangu vilianza vimwanga pembeni, vikafuata vidoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kikaanza kufunika upande mmoja. Daktari wa macho hapa Mtwara aliniandikia rufaa siku ileile. Dar wakautoa ule ute wa ndani ya jicho, wakachoma kwa leza kuzunguka tundu, wakajaza gesi.

Yote yaliyofuata yanatokana na hiyo gesi. Hewa hupanda juu. Ukiinamisha uso, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu, na kiputo kinaibana retina ukutani mpaka kovu la leza lishike. Wengine huambiwa walalie ubavu, inategemea tundu lilipo. Mimi niliambiwa kifudifudi: usiku kucha, na mchana dakika 50 za kila saa. Hata kwenye basi la kurudi, daktari aliponiruhusu, nilisafiri paji la uso likiwa limeegemea kiti cha mbele.

Binti yangu alinisomea habari za Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Katika miaka ya 1920 ndiye aliyewathibitishia wenzake kwamba kisa ni tundu, na kwamba lazima lizibwe. Kabla yake wagonjwa walilazwa kitandani wiki kwa wiki, na wengi sana walipofuka hivyohivyo. Nimemwombea heri mtu huyo.

Shingo iliniuma, mgongo uliniuma, lakini hayo yanavumilika. Kilichokuwa kigumu ni wageni. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na mkubwa wako akiingia unamwinulia uso. Mimi nikasema shikamoo huku natazama mkeka. Nikajifunza kuwatambua watu kwa miguu na pindo za kanga. Bibi mmoja wa mtaani hapa Shangani, mtu mzima sana, alipoelewa kwa nini siinuki, akajishusha polepole akalala chali mkekani, tukazungumza uso kwa uso. Sitausahau wema ule.

Na kila aliyekuja alikuja na tiba. Asali ya kudondoshea. Maziwa ya jirani anayenyonyesha. Najua wanatoa walichonacho, lakini jicho lililotoka kufunguliwa halihitaji kitu kisichotoka kwa daktari. Vijidudu vikiingia ndani, linaweza kupotea lote. Nikajifunza kukataa kwa sauti ya chini. Asali nilishukuru, nikaitia kwenye chai.

Mjomba ndiye aliyekuwa mtihani. Mnaotoka kusini mnajua uzito wa mjomba katika ukoo. Akapiga simu: "Mwanangu, njoo huku Newala upumzike. Kipupwe kimeingia, huko pwani joto litakuchosha." Hajawahi kuniambia jambo nikampinga. Nikamweleza kwamba Newala ni juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua mgandamizo na gesi iliyofungiwa jichoni inavyotanuka. Presha ya jicho ikipanda sana, damu haifiki kwenye retina, na upofu huo huenda usitibike. Ndiyo sababu hata ndege ya kutoka Dar sikupanda, ingawa ni kama saa moja tu. Tena huu ni msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, na vumbi lake kila mtu anajua linavyowasha macho mazima, sembuse langu.

Akanyamaza. Nikadhani nimemvunjia heshima.

"Basi nitashuka mimi," akasema.

Akashuka, na kikapu cha ming'oko, akakaa siku mbili. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni mlangoni.

Sasa siku zina utaratibu wake. Binti ananawa mikono kwa sabuni, anavuta kope la chini, anadondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha tunasubiri dakika 5 kabla ya chupa nyingine. Moja ni ya kuzuia vijidudu, moja ya kutuliza uvimbe, moja ya kupanua mboni, na hiyo ya mwisho inafanya jua la saa sita liwe adhabu. Usiku navaa kikinga cha plastiki nisije nikafikicha usingizini. Uso naufuta kwa kitambaa kilicholowa, simwagii maji, na ndoo sibebi. Mkononi nina utepe unaosema nina gesi jichoni. Ipo gesi ya usingizi ya hospitali ambayo huingia kwenye kiputo na kukivimbisha, kwa hiyo daktari yeyote lazima ajue.

Kiputo kinapungua. Nikisimama naona mstari unaotikisika, juu yake pameanza kuwa peupe, na kila asubuhi umeshuka kidogo. Ipo gesi inayoisha kwa wiki 2 au 3, ipo inayokaa hadi 8. Yangu ni hiyo ya kukaa.

Jumatano nina kliniki. Watapima presha ya jicho, maana dawa ya uvimbe inaweza kuipandisha, na watalikagua la kushoto, kwa sababu lililolipata la kulia linaweza kulipata na hilo. Daktari amenitayarisha kwamba baada ya upasuaji wa namna hii mtoto wa jicho huja mara nyingi, naye huondolewa. Miwani mipya tutaipima jicho likitulia. Ila vimwanga vikirudi, au kile kivuli, au maumivu makali, sitangoja Jumatano. Binti ameshaongea na bodaboda wa kona, namba yake iko ya kwanza kwenye simu.