Rungwe husomwa kwa mteremko

Kwa mujibu wa ofisi, Rungwe ni wilaya ya Mkoa wa Mbeya, makao makuu yake Tukuyu, nayo ina halmashauri mbili: Rungwe yenyewe na Busokelo. Ni kweli, ila hilo halikusaidii kujua kwa nini mtu wa Isongole anavaa koti zito mwezi Julai na kulima viazi, huku dada yake aliyeolewa kule chini, karibu na mpaka wa Kyela, anaanika kakao juani. Kinachoigawa Rungwe ni mwinuko. Mlima wenyewe una mita 2,960, Tukuyu iko kama mita 1,500, Masoko haifiki 900, na ukivuka Kyela unakuta Ziwa Nyasa likiwa chini ya mita 500. Panda au shuka mita mia tatu tu, zao linabadilika, na kazi za watu zinabadilika nalo.

Chanzo cha yote ni volkano. Hapa ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Usangu na la Nyasa. Penye mkutano huo ardhi imepasuka mara nyingi, ikaacha milima mitatu mikubwa, yaani Ngozi, Rungwe na Kyejo, pamoja na vilima na mashimo madogo mengi. Kyejo ndiyo changa kuliko zote. Mara ya mwisho ilimwaga lava yapata mwaka 1800, siku za juzi tu kwa hesabu za milima.

Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, mweusi, unashika maji vizuri na haushikamani mguuni kama mfinyanzi. Wageni wakiuona husema huku kila kitu huota chenyewe. Si kweli. Udongo huu una tabia ya kuing'ang'ania fosforasi, mmea usiipate. Ukimwaga mbolea ya kupandia juu juu shambani, kwa sehemu kubwa umeilisha ardhi. Iweke ndani ya shimo au mstari, karibu na mbegu, ifunike kwa udongo kidogo ndipo upande, na uchanganye na samadi. Mahindi yanayotoka na majani ya rangi ya zambarau pembeni yanakueleza kwamba hukufanya hivyo.

Kutoka Uyole barabara ya lami ya Kasumulu inapanda safu ya Uporoto mpaka ukungu unapokupokea. Isongole, Ndaga na vijiji vya jirani ni nchi ya viazi mviringo, kabichi na, juu kabisa, pareto. Adui wa kiazi hapa ni ukungu uleule unaopendeza kwenye picha: majani yakibaki na umande mpaka saa nne asubuhi, bakajani chelewa inaingia, na shamba lililokuwa kijani Jumatatu linaweza kuwa jeusi kabla wiki haijaisha. Dawa ya kukinga hupigwa kabla ya dalili, tena upande wa chini wa jani. Kusubiri uone madoa ndiyo hasara yenyewe. Mbegu nzuri ni kiazi cha ukubwa wa yai la kuku, chenye machipukizi mafupi na manene, kilichotoka shamba lisilo na mnyauko. Kituo cha utafiti cha Uyole kiko karibu, na kwa mbegu ni afadhali kuanzia huko kuliko kununua masalia ya sokoni.

Kisha kuna lumbesa. Mkulima anauza "gunia", mnunuzi anakuja na gunia lililoongezewa kofia ya wavu au kamba juu, na bei inabaki ileile ya gunia. Sheria ya vipimo inakataza. Dawa inayofanya kazi ni mizani: kijiji chenye mizani na watu waliokubaliana kuuza kwa kilo hakiibiwi kirahisi.

Ziwa Ngozi liko upande huu. Ni shimo la volkano lililojaa maji, urefu wake kama kilomita mbili na nusu, na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Kupanda kutoka mwisho wa njia ya gari ni mwendo wa saa moja na nusu hivi ndani ya msitu. Nenda asubuhi. Baada ya saa sita mawingu hukaa juu ya ukingo, na wengi wamepanda wakarudi bila kuona tone la ziwa. Viatu viwe na meno. Njia ina mizizi na tope hata kiangazi. Kushuka hadi majini ni kitu kingine kabisa, mteremko ni mkali mno, usiujaribu bila mwenyeji.

Ng'ambo ya barabara ni mlima Rungwe, hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009. Msitu wake ndio tangi la maji la wilaya: mito inayoingia Kiwira na Lufilyo inaanzia huko, na mto wa Kiwira unaishia Ziwa Nyasa. Mwaka 2003 watafiti walithibitisha humo kuwepo kwa nyani wa mitini ambaye sayansi haikuwa imemsajili, kipunji. Alitangazwa rasmi 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Wawindaji wa vijijini walikwishamjua. Ana manyoya ya kahawia yenye kishungi kichwani na mkia mrefu, na mlio wake ni kama honi iliyopasuka. Dunia nzima yuko katika misitu ya hapa na Kitulo, na kundi dogo milima ya Udzungwa. Kila kipande cha msitu kinachokatwa katikati kinawatenga, kwa sababu hapendi kuvuka mahali pa wazi.

Kiwira mjini ni soko la ndizi. Mikungu inashushwa kwa pikipiki tangu alfajiri, inapangwa kwa ukubwa, inapakiwa malori ya Dar es Salaam ikiwa mibichi. Mkungu ukidondoshwa hapa, alama nyeusi itaonekana mnunuzi akishaulipia, ndiyo maana wapakiaji wazuri hutandika majani makavu ya mgomba kila safu. Kutoka Kiwira inakatwa njia ya kwenda Daraja la Mungu, tao la mwamba ambalo mto umelichimba chini ya lava, na Kijungu, ambapo maji yanazama kwenye shimo na kutokea mbele. Vyote viko jirani na eneo la chuo cha magereza, hivyo fuata utaratibu wa getini na uulize kabla ya kutoa kamera.

Tukuyu, mvua. Upepo wa kusini mashariki unachota unyevu juu ya Ziwa Nyasa, unagonga ukuta wa milima ya Livingstone na Rungwe, unapanda, unapoa, unamwaga. Mji unapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kilele kikiwa Machi na Aprili. Ukivuka Uporoto kuelekea Usangu, mvua haifiki hata nusu ya hiyo. Barabara za vumbi za Tukuyu kwa hiyo ni barabara za tope, na anayepanga harusi Aprili anajitakia.

Wajerumani waliuita mji huu Neu-Langenburg, baada ya kuhamisha kituo chao kutoka ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Wamisionari walikuwa wametangulia: mwaka 1891 Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe, na mwaka huohuo watu wa misheni ya Berlin wakaingia upande wa mashariki. Mgawanyo huo bado unauona. Uliza mtu kanisa la bibi yake, utakaribia kujua alizaliwa upande gani wa wilaya. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka kusini na utawala ukageuka kuwa wa Waingereza.

Kabla ya wote hao, Wanyakyusa walikuwa na mpango wa kuishi ambao wataalamu wa jamii wameuandika sana, hasa Godfrey na Monica Wilson waliofanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938. Vijiji vilikuwa vya rika, si vya ukoo. Wavulana wa miaka kumi na kitu waliondoka kwa wazazi, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakawa wanalima mashamba ya baba zao na kwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima. Walipooa, kibanda kikawa nyumba na kundi likawa kijiji. Mara moja kwa kizazi ulifanyika ubusoka, wazee wakakabidhi nchi kwa vijana wao. Mpango huu ulihitaji ardhi tupu ya kuanzishia vijiji vipya, na ardhi ikaisha. Vijana wakaenda dhahabu ya Lupa kule Chunya na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi na fedha zao mkononi, hawakusubiri tena baba awagawie ng'ombe wa mahari. Kahawa ikamalizia: mibuni hukaa miaka mingi, na mwenye mibuni hahami kupisha rika.

Kilichobaki ni adabu. Mkubwa husalimiwa kwa wingi, mwagonile, hata akiwa peke yake. Kwa familia zinazoshika mila, mkwe wa kike hukwepa kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake na hatamki jina lake. Mgeni akiona mama anaacha njia ghafla na kuingia migombani, asidhani ameogopwa yeye.

Kuzunguka Tukuyu na Katumba ndiko kwenye chai, kwa kuwa inataka udongo wenye tindikali na mvua isiyokatika. Huchumwa majani mawili na kichipukizi, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne. Karibu kilo tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Panapoharibika ni ndani ya mfuko: majani yakishindiliwa yanapata joto, yanakuwa mekundu, kiwanda kinayakataa. Yawekwe kwenye kikapu au wavu, yakae kivulini, yafike kiwandani siku hiyohiyo. Bei imewachosha wengi, na baadhi wanang'oa chai wapande parachichi.

Sina ugomvi na parachichi, ila lina masharti yake. Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, haivumilii mizizi kukaa majini, na hapa maji hayakosekani. Shimo la sentimita 60 kwa 60 lililochimbwa tambarare linageuka bwawa, mti unanyauka mwaka wa pili kwa kuoza mizizi. Panda juu ya tuta, acha mita sita hadi saba kati ya mti na mti, chimba mfereji upande wa juu wa shamba. Miche iwe ya kubebeshwa. Huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Tunda likatwe kwa mkasi na kubakizwa kikonyo kifupi. Likitingishwa likaanguka, halina soko la nje.

Karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa zizini, wengi walioenea kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza anapewa jirani. Chakula ni mabingobingo, majani ya guatemala na migomba iliyokatwa. Samadi inarudi migombani.

Upande wa Busokelo, chini ya Kyejo, ardhi inatoa hewa ya ukaa, na ipo kampuni inayoichimba kwa ajili ya vinywaji vyenye gesi. Hewa hiyo haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa mabondeni asubuhi tulivu. Ukikuta ndege na wadudu wamekufa kwenye kishimo, usiiname kuangalia.

Masoko kuna ziwa jingine la volkano, dogo, mviringo, lenye kina cha karibu mita 40, na boma la mawe la Wajerumani pembeni. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walizamisha silaha na fedha humo. Ukiuziwa sarafu ya zamani, lipa kwa furaha ya kuinunua, si kwa hesabu ya utajiri.

Kutoka hapo kwenda chini joto linapanda, na kakao inaanza. Mbegu zake huvundikwa kwenye sanduku la mbao siku tano hadi sita, zikigeuzwa kila baada ya siku mbili, kisha zianikwe juu ya kichanja, si chini. Tatizo ni kwamba mvua za huku hazingoji mtu akaushe. Anayefunika kwa nailoni bila kuacha nafasi ya hewa anapata ukungu mweupe usiku mmoja. Nailoni iinuliwe juu ya fito, na mbegu zisizidi unene wa sentimita tano.