Mwani wa msimu kwenye matope ya Baltiki, na kwa nini "haupo hatarini" hainitoshi

Ukitaja uhifadhi wa bahari watu wanakimbilia matumbawe, kasa, nyangumi, wakijitahidi sana watataja nyasi bahari. Tope hakuna anayelitaka. Mimi bwana nimekuwa nikisoma sana kuhusu tope, tena tope la Bahari ya Baltiki huko Ulaya kaskazini, vile vighuba vilivyojificha nyuma ya visiwa ambapo maji ni mafupi kiasi kwamba jua linafika mpaka chini, na kila joto likianza kunaota mwani ambao baridi ikija unapotea wote. Orodha za uhifadhi zinasema makazi ya mwani huu hayapo hatarini, na hilo jibu ndo halinitoshi.

Baltiki yenyewe ni bahari ya kipekee. Kina chake kwa wastani ni kama mita 55 tu, kupwa na kujaa karibu hakuna, na chumvi ndo kabisa, yaani sehemu kubwa ya maji ya juu ina gramu 6 hadi 8 kwa kilo wakati bahari kuu ina kama 35, na ukipanda mpaka mwisho wa Ghuba ya Bothnia huko kati ya Uswidi na Ufini unakuta 2 au 3. Viumbe vya bahari vinaona maji hayana chumvi, vya mtoni navyo vinaona chumvi imezidi. Ndo maana aina zilizopo ni chache.

Sasa shida ya tope ni kwamba mwani hauna mizizi. Ule mkubwa unaoishi miaka mingi, mfano Fucus vesiculosus, unataka mwamba au jiwe la maana la kushikilia, tope haliwezi. Kwa hiyo wanaobaki ni wale wa haraka haraka. Kuna Vaucheria, huu naupenda kuliko wote, manake nyuzi zake zinajipenyeza ndani ya tope lenyewe na kulikamata lisitibuke ovyo. Kuna Chorda filum, kamba ndefu nyembamba, yenyewe inatafuta kikokoto au ganda lililolala pale ikajishikize. Halafu kuna lile kundi la nyuzinyuzi, Cladophora, Pylaiella, Ectocarpus, zinakua vibaya mno, zinakatika, zinasukumwa na maji mpaka zinatua kwenye vishimo. Baridi ikiingia mwanga unapungua, sehemu za kaskazini barafu inakwangua ufukweni, mchezo umeisha mpaka mwaka ujao.

Kwenye vitabu vya uhifadhi makazi haya yana jina lake rasmi. HELCOM, ile kamisheni iliyotokana na Mkataba wa Helsinki wa 1974 wa kulinda Bahari ya Baltiki, ilitoa mwaka 2013 mfumo wa kupanga makazi ya Baltiki pamoja na Orodha Nyekundu yake, yaani orodha inayopima nini kiko hatarini kutoweka, na Umoja wa Ulaya ukaja na orodha yake ya makazi mwaka 2016. Kwenye mfumo wa HELCOM wanaangalia kwanza mwanga unafika chini au haufiki, halafu chini kuna nini (tope lifunike angalau asilimia 90), halafu nani anaishi juu yake. Na hapo wa miaka mingi ndo wanapewa nafasi ya kwanza, wakifika asilimia 10 ya eneo basi jina ni lao. Mwani wa msimu unapewa jina pale ambapo hao wa miaka mingi hawapo.

Hebu fikiria hiyo. Orodha nyekundu kazi yake kubwa ni kuuliza kitu kimepungua kiasi gani. Ndani ya miaka 50, kikipungua asilimia 30 kinaanza kuhesabiwa hatarini, 50 hatari kubwa, 80 kiko taabani. Sawa kabisa kwa nyasi bahari. Lakini Baltiki imemwagiwa nitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na majitaka ya miji kwa miongo mingi, na nani anafaidika na mbolea ya bure? Hao hao wa haraka, magugu yanavyovamia shamba lililoachwa. Wanawafunika wenzao, wanawazibia mwanga, wenzao wakiondoka eneo linabadilishwa jina. Kwa kipimo cha ukubwa wa eneo, makazi ya mwani wa msimu yanaweza yakaonekana yako poa kwa sababu tu bahari inaumwa.

Na si mbolea peke yake. Samaki wawindaji kama paiki wakipungua, vile visamaki vidogo vyenye miiba mgongoni vinajaa, vinakula vikamba vidogo (vijidudu vya maji jamii ya kamba wa kuliwa), na hivyo vikamba ndo vilikuwa vinakula nyuzi za mwani. Matokeo yake nyuzi zinarundikana, zinaoza chini, oksijeni inaisha, tope linatoa ile harufu ya yai viza na kila kilichokuwa kinaishi mle kinakufa au kinahama. Sasa ghuba kama hiyo na ghuba yenye Vaucheria safi iliyoshika tope lake, zote mbili kwa mtu anayejaza fomu zinaweza zikawa "tope lenye mwani wa msimu". Mi naona hapo ndo pana tatizo, eneo linahesabiwa na hali yake inaachwa. Halafu kuna suala la tarehe, mpimaji akienda mwezi wa tano anakuta Pylaiella, mwezi wa nane anakuta vingine kabisa, baridi hakuti kitu.

Kuna ulinzi wa kisheria lakini unapita mlango wa nyuma. Direktivu ya Makazi, yaani sheria elekezi ya Umoja wa Ulaya ya 1992, haiutaji mwani huu, inataja maji ya pwani yaliyojitenga kidogo na bahari (lagoon) na ghuba kubwa za maji mafupi, ambamo tope hili limo. Ni bora kuliko kukosa kabisa. Huko Ufini na Uswidi ardhi bado inainuka kutoka baharini, mpaka milimita 8 au 9 kwa mwaka upande wa Bothnia, kwa hiyo vighuba vinajifunga taratibu na kubaki na kizingiti mlangoni, maji ndani yanapata joto mapema na samaki wanaenda kuzalia humo. Mwenye boti yeye kizingiti kinamkera, anataka kichimbwe apite. Kikichimbwa tope linatibuka, mwanga unakatika, maji ya baridi ya nje yanaingia muda wote, na joto ambalo vifaranga vya paiki vinalitegemea mwanzo wa msimu linapotea.