Phagwara, mji tunaoupita mbio

Wengi wetu kutoka Afrika Mashariki tunaosoma Punjab, kaskazini mwa India, tumefuata chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 2005 nje kidogo ya Phagwara, njia ya kwenda Jalandhar. Tunashuka stesheni, tunanunua mchele na vocha, tunarudi hosteli. Mji wenyewe hatuuulizi lolote. Naona tunajinyima, maana watu wa upande huu wana mkono katika historia ya kwetu.

Phagwara iko Doaba, ardhi iliyo kati ya mito ya Beas na Sutlej. Ni tambarare tupu, kilima hukioni. Majira ya baridi mashamba ni ngano, mvua zikija ni mpunga, na miwa ipo karibu mwaka mzima. Barabara kuu ya kale inayotoka Bengal kwenda Peshawar inaukata mji, na sambamba nayo ipo reli ya Delhi hadi Lahore iliyokamilika mwaka 1870.

Tazama ramani utaona ajabu: Phagwara ni ya wilaya ya Kapurthala, lakini haigusani nayo. Waingereza walipoitwaa Doaba mwaka 1846, Kapurthala ilibaki na mtawala wake na vipande vyake vilivyotawanyika. Phagwara ilikuwa kimojawapo, na mipaka hiyo imerithiwa hadi leo.

Watawala wa Kapurthala walikuwa Masingasinga, yaani Kalasinga, ila raia wao wengi walikuwa Waislamu. Mmoja wao, Maharaja Jagatjit Singh, aliwajengea raia hao msikiti mkubwa mjini Kapurthala, kwa mtindo wa Marrakesh, ukamalizika mwaka 1930. Miaka 17 baadaye India ikagawanywa, na karibu Waislamu wote wakahamia Pakistan. Wakaja wakimbizi wa Kisinga na Kihindu kutoka upande wa pili. Jambo hili linanihuzunisha kuliko yote niliyojifunza hapa.

Kwa wapenzi wa kandanda: JCT, timu ya kiwanda cha nguo cha Phagwara, ndiyo iliyobeba ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya India, msimu wa 1996–97. Ilivunjwa mwaka 2011.

Sasa reli yetu. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walifia kazini. Waliobaki baada ya kazi ni kama 6,700. Wengine walirudi makwao. Ukiishi Doaba unaelewa kwa nini kijana alikubali kuvuka bahari: shamba la baba likigawanywa kwa wana wanne, halafu wana wao nao wagawane, kinachobaki hakilishi nyumba. Aliyejua useremala au uhunzi alikuwa na kitu cha kuuza kwingine. Ndiyo maana Kenya tuliwazoea Kalasinga kama mafundi. Hekalu lao la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, bado linampa msafiri yeyote chakula bure, kama mahekalu ya huku yanavyotulisha sisi wanafunzi bila kutuuliza dini.

Kuhama hakujaisha. Kuta za mji zimejaa matangazo ya viza na mitihani ya Kiingereza, na vijijini kuna nyumba zenye matangi ya maji yaliyofinyangwa kama eropleni. Vijana wanaelekea Canada, na magunia sokoni yanabebwa na vibarua kutoka jimbo la Bihar.

Soko lenyewe la nafaka, mandi, lione mwezi wa Aprili. Matrekta yanamwaga ngano sakafuni, inapepetwa kwa mashine, dalali anasimamia, nayo serikali inanunua nyingi kwa bei iliyotangazwa mapema. Nenda asubuhi, jua halijawa kali, na umsalimu mzee yeyote kwa “Sat Sri Akal”. Akisikia umetoka Kenya, usishangae akikuuliza habari za Nairobi kwa kuwa ana jamaa kule.