Siku moja karakanani Keko: stuli ya paini na kona nane za plastiki

Saa 12:00 asubuhi. Siku inaanzia kwenye printa ya 3D, mashine inayojenga kitu kwa plastiki tabaka juu ya tabaka; msumeno baadaye. Usiku imeachwa ichape kona nane za stuli moja, yaani vipande vinavyofunga miguu na mbao zinazoiunganisha. Nne zimekamilika, ya tano imeishia katikati kwa sababu umeme ulikatika alfajiri.

Kona yenyewe ni umbo la L: mikono miwili ya milimita 60, upana 30, unene 6, na ubavu wa pembetatu upande mmoja. Inakula gramu 38 hivi za plastiki aina ya PETG na saa mbili za mashine. Huchapwa ikiwa imelala ubavu, ili matabaka yafuate umbo la L. Ukiisimamisha, matabaka yanakaa kama karata zilizopangwa, na mkono unang'oka pale pale kwenye pembe. Plastiki nyingine, PLA, ni rahisi kuchapa lakini kwa fanicha siitumii. Karibu na nyuzi 60 inalegea, na joto hilo fanicha inalipata ikipakiwa kwenye gari lililoegeshwa juani. Hata kwenye ubaridi, ikikazwa kwa skrubu muda mrefu inajipinda polepole.

Umeme umerudi, na printa inauliza kama iendelee pale ilipoishia. Jibu ni hapana, na hapa ndipo wengi huharibu. Plastiki ya chini imeshapoa, tabaka jipya linakaa juu yake bila kushikana. Kwa macho utaona kamstari tu. Ishike kwa mikono miwili, isokote, inaachana kwenye mstari huo huo. Kona ya namna hiyo ikifika chini ya kiti cha mtu ni hatari, kwa hiyo inatupwa. Ndiyo maana kona zinachapwa moja moja hadi mwisho, haziendi zote kwa pamoja: umeme ukikatika unapoteza moja, si nane. Naweka nne zilizobaki, nozeli (mdomo unaotoa plastiki) nyuzi 240, meza ya printa nyuzi 75. Zitaisha kwenye saa 9 alasiri.

Saa 2:00, mbao. Mbili kwa mbili (inchi) ya paini ya Mufindi ukiipima kwa kalipa inacheza kati ya milimita 45 na 50, wakati mwingine kwenye ubao mmoja. Zote zinarandwa mpaka 42. Miguu minne sentimita 43, mbao nne za kuunganisha miguu sentimita 30, na kiti ni vipande viwili vya moja kwa nane, sentimita 40 kila kimoja. Miguu inakatwa kwa kizuizi kimoja ili ilingane, na ncha za mbao za kuunganisha zinahakikiwa kwa skwea. Ncha ikiwa pogo, kona itaonekana imekaza lakini stuli itayumba.

Saa 5:00, matundu. Kila mguu unapokea kona mbili kwenye nyuso mbili zinazopakana, na skrubu za milimita 30 zikiingia kwa kimo kimoja zinagongana ndani ya mguu. Kwa hiyo kona ziko za kushoto na za kulia: moja ina matundu milimita 18 na 45 kutoka kwenye pembe ya L, nyingine 28 na 52. Paini inatobolewa kwanza kwa biti ya milimita 3. Skrubu ziwe za kichwa bapa chini, na washa (pete bapa ya chini ya kichwa), maana zile za kichwa cha kuzama zinapasua plastiki kama kabari. Mkono unaokaa chini ya ubao una matundu marefu kidogo, kwa kuwa paini ya sokoni bado ina maji na itasinyaa.

Mchana mteja amefika na stuli haijakamilika. Amekaa, amesimama, amepiga simu, amekaa tena.

"Fundi, si upige misumari tu nikaondoke?"

"Mama, msumari ukiingia kwenye ncha ya ubao unachomoka. Wiki chache tu unalegea."

"Na hii plastiki itanibebea wateja wangu?"

Swali hilo linakuja karibu kila siku, na ni swali la haki. Plastiki haibebi wateja. Kiti kinakaa moja kwa moja juu ya miguu minne, uzito unashuka kwenye mbao mpaka sakafuni. Kona inazuia miguu isiende pembeni mtu anapojisogeza. Nimemgeuzia fremu yenye kona nne, akaisukuma upande uliofungwa, kisha ule usiofungwa. Hakuuliza tena, ila kuondoka hakuondoka, na joto la chini ya bati halimsaidii mtu anayesubiri.

Kona ya mwisho imetoka. Isipozwe kwa maji, iachwe juu ya meza ipoe yenyewe. Kisha gundi nyeupe kwenye ncha, klampu, skrubu. Skrubu zinakazwa kwa mkono. Drili inazungusha kupita kiasi na kula uzi kwenye paini. Msasa namba 120, halafu 180, vanishi mara mbili. Mgongo umechoka tayari.

Jua limezama na vanishi haijakauka, mama atachukua kesho asubuhi. Ameshaambiwa baada ya mwezi akaze skrubu zote robo mzunguko, kwa sababu mbao itakuwa imesinyaa na washa zitakuwa zimelegea. Filamenti, yaani waya wa plastiki wa printa, inaingia kwenye kikaushio nyuzi 65, maana unyevu wa Dar ukiipata inatoka na mapovu, na kona yenye mapovu haikazi.